Namba Saba Haipo Kwenye Sanduku

11 Februari

Mwanangu Chiriku,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, isipokuwa goti la Bibi, ambalo sasa limekuwa mtu wa tatu humu ndani. Linaamka kabla yetu, linadai kukandwa, linatoa maoni kuhusu mvua. Bibi mwenyewe anakusalimu na anauliza kama unakula. Nimemwambia unakula. Ushahidi sina, lakini nimemwambia.

Nyumba iko kimya. Naipenda hivyo, au nimezoea, siku hizi sijui tofauti yake. Narudi kazini, navua viatu, nakaa kwenye kiti cha jikoni mpaka nikumbuke nilitaka kufanya nini. Mara nyingine sikumbuki, basi napika.

Chumba cha mama yako nimekifanya stoo ya vipeperushi. Usinikasirikie. Tangu Oktoba kilikuwa kimefungwa, na kila nikipita kwenye korido nilikuwa natembea nikigusa ukuta wa upande wa pili. Sasa kina maboksi mpaka dirishani, na naingia kuchukua karatasi, natoka. Sanduku langu la kufundishia nalo linalala humo, kama lilivyokuwa likilala wakati yeye yupo. Kwa utaratibu linatakiwa lilale ofisini, kwenye kabati la kufuli, lakini safari zangu zinaanza alfajiri na mwenye ufunguo haamki mapema.

Yule mwenzako wa kitanda cha juu, mnayemwita Kengele, siku niliyokuleta aliniuliza kama mimi ni polisi wa sigara. Mwambie si polisi. Niko idara ya afya, kitengo cha kuzuia tumbaku kwa vijana, na silaha yangu ni hilo sanduku. La kijivu, ndani kuna sponji yenye matundu kumi na mawili, kila tundu na sigara yake ya umeme iliyokamatwa kwenye maduka ya karibu na shule. Kila moja imebandikwa namba. Nalifungua mbele ya wazazi, nao wanasema ile ni kalamu ya rangi, ile ni ya kuhifadhia mafaili ya kompyuta. Mimi nasema hapana, vyote hivi vinavutwa, na hiki cha bluu kina ladha ya embe. Hapo ndipo wanaacha kuchezea simu.

Mwaka huu tuna mambo mawili mapya. La kwanza ni dodoso katika shule arobaini, bila majina, ili tujue watoto wanaanzia wapi, tupeleke washauri na tukague maduka panapostahili. Shule yenu imo. Nimeomba nisije mimi, kwa sababu wewe uko hapo na si haki. Atakuja Rula, yule mwenzangu anayepigia mstari kila kitu, hata orodha ya zamu za kupika chai. Mjibu ukweli tu.

La pili ni mwongozo kwa shule. Zamani mwanafunzi akikutwa na sigara ya umeme alifukuzwa, kwisha habari. Sasa akisema alikoipata anabaki shuleni, anapewa mshauri, na sisi tunakwenda huko ilikotoka. Akificha, shule inafuata kanuni zake. Sentensi hiyo ni ya kwangu. Nimeipigania vikaoni wiki tatu, mpaka wakachoka kunisikia. Nakwambia wewe kwa sababu Bibi ananiuliza tu kama nimepandishwa cheo.

Niandikie ukipata nafasi.

Mama yako Mdogo


8 Machi

Mama Mdogo,

Shikamoo. Bibi shikamoo. Goti la Bibi nalo shikamoo. Matroni pia shikamoo, kwa sababu barua zetu zote, za kuingia na za kutoka, anazisoma yeye kwanza, halafu anagonga muhuri wa IMESOMWA. Yako ilinifikia na muhuri katikati ya goti la Bibi. Anasema si umbea, ni malezi.

Nakula. Mwambie Bibi sasa ushahidi upo.

Bweni letu lina vitanda kumi na vinane na dirisha moja ambalo halifungi. Kengele anaamka kabla ya kengele yenyewe, anatutangazia saa. Nimezoea. Walimu wanasema nimetulia sana, na wameandika kwenye ripoti yangu: mtulivu, hasumbui. Wanaona ni jambo zuri. Mwalimu wa hisabati aliniuliza mbele ya darasa kwa nini wananiita Chiriku wakati sisemi. Nikamwambia ni jina la zamani.

Rula alikuja. Tulikaa ukumbi wa chakula, tumeachana viti viwili viwili. Alitwambia tusiandike majina, akachora mstari ubaoni, hakuandika kitu chini yake, akaondoka. Nilijaza yote. Nataka kujua, kuna mtu anazisoma zile karatasi au mnazihesabu tu?

Naomba sweta la mama. Lile la kijani lenye kifungo kimoja ambacho hakifanani na vingine. Huku asubuhi kuna baridi.

Kuhusu chumba, nimesoma. Maboksi ni sawa.

Chiriku


3 Aprili

Mwanangu,

Samahani kwa kuchelewa. Bibi hajambo. Kliniki wamempa fimbo ya kutembelea, naye anaitumia kuonyeshea vitu anavyotaka aletewe. Nimekuwa mtu wa kuelekezwa kwa fimbo ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Jirani wa kushoto amejifungua pacha, wanalia kwa zamu. Tunawasikia mpaka jikoni, na kusema kweli sijali, angalau kuna sauti.

Sweta nitalitafuta. Vitu vingi viko chini ya maboksi.

Umeuliza kama kuna mtu anazisoma. Kuna. Mimi. Maswali mengi ni ya kuweka alama tu, hayo karani anayaingiza kwenye kompyuta. Lakini la kumi na tisa na la ishirini ni ya kuandika kwa mkono. La kumi na tisa linauliza ya kwanza uliipata wapi. La ishirini linauliza ukivuta unapata nini. Hayo tunagawana mimi na Rula, tunasoma moja moja, tunaipa kila fomu namba: moja ni dukani, mbili ni rafiki, tatu ni nyumbani, nne ni kwingineko. Unakaa na chai, unasoma mwandiko wa watoto wa watu kuanzia saa mbili mpaka saa tisa. Wengi wanaandika wanapata raha. Mmoja aliandika anapata marafiki. Mmoja aliandika anapata kikohozi, na akaweka alama ya mshangao kana kwamba ameshinda bahati nasibu.

Fungu la shule yenu lilikuwa la Rula. Tumbo lilimshika siku mbili, nikachukua mafungu yake bila kutazama yametoka wapi. Humo nikakuta fomu moja ambayo mwandiko wake naujua. Herufi g ina mkia unaovuka mpaka mstari wa chini, na nimesahihisha huo mkia tangu mwenye mwandiko akiwa darasa la kwanza.

Tuna kanuni. Ukitambua mwandiko, acha kusoma, mpe mwenzako, na nyamaza. Mimi niliisoma mpaka mwisho. Kwenye swali la ishirini iliandikwa: Sipati kitu. Ndiyo maana navuta. Alichoandika kwenye la kumi na tisa sikwambii, na huhitaji kuambiwa. Kwa haki ilikuwa niandike tatu. Niliandika nne, nikairudisha katikati ya fungu, nikaendelea na iliyofuata. Chai ilikuwa imepoa, nikainywa hivyo hivyo.

Kula.

Mama yako Mdogo


27 Aprili

Mama Mdogo,

Shikamoo. Barua nimeipata. Nafurahi Bibi amepata fimbo. Wasalimie pacha.

Kuhusu hiyo fomu, labda mwenyewe alikuwa anatania. Watu wanaandika chochote wakijua hawaandiki jina. Kengele aliandika yeye ni mvulana.

Mtihani wa mwisho ni Oktoba. Wametupa ratiba, wa kwanza unaangukia tarehe ile ile ya Mama. Sikumwambia mtu ni tarehe ya nini.

Sweta bado naliomba.

Chiriku


2 Juni

Mama Mdogo,

Shikamoo. Natumaini nyote hamjambo na kwamba kimya chako ni cha kazi. Mwezi mzima hujajibu. Matroni ameniuliza mara mbili kama tumegombana, nikamwambia hapana, sisi hatugombani.

Nimekamatwa. Naandika hivyo kwa sababu Matroni alikuwepo, kwa hiyo hakuna cha kumficha. Jumamosi kulikuwa na ukaguzi wa bweni. Walitoa magodoro yote nje. Sigara yangu ya umeme waliikuta kwenye soksi, ndani ya foronya. Ni ya pinki, ya ladha ya tikitimaji, na haina kitu ndani, imekwisha tangu Desemba. Mwalimu Mkuu aliuliza kwa nini nimetunza kitu kisichofanya kazi miezi sita. Ina karatasi ndogo imebandikwa, imeandikwa 7. Akauliza saba ni nini. Nikasema sijui.

Akanipa mwongozo nisome mwenyewe. Nimeisoma ile sentensi. Imeandikwa vizuri, inaeleweka. Nikisema nilikoipata nabaki na ninapewa mshauri. Nikificha, kanuni ya shule ni kurudishwa nyumbani, na ukirudishwa mwaka wa mwisho hufanyi mtihani hapa wala kwingine mpaka mwaka ukatike. Kikao cha nidhamu ni tarehe 20.

Nimeandika niliiokota barabarani. Mwalimu Mkuu alisoma, akavua miwani, akasema vitu vya kuokota havina namba. Nikasema hiyo ilikuwa nayo. Amenipa mpaka siku ya kikao nifikirie. Nimekwisha kufikiria.

Usije. Bibi asiachwe peke yake na goti. Hata ukija nitasema niliokota, kwa hiyo utakuwa umechoka bure.

Sijisikii vibaya. Nakwambia ili usiwe na wasiwasi. Nilidhani nitaogopa, nikangoja, sikuogopa. Nilipanga godoro langu nikaenda kula.

Chiriku


9 Juni

Mwanangu Chiriku,

Salamu. Bibi hajambo, goti ni lile lile. Amenikalia hapa mezani, anataka kujua naandika nini kirefu hivi, na nimemwambia naandika ripoti. Si uongo sana.

Barua hii ina wasomaji wawili, na leo namtaka yule wa kwanza. Matroni, salamu. Tulionana siku moja tu, ulipokuwa unanihesabia mashuka mlangoni. Nakuomba uisome hii kama unavyosoma zote, ugonge muhuri kila ukurasa, halafu uipeleke kwa Mwalimu Mkuu kabla ya tarehe 20. Ningekuja mwenyewe, lakini kuanzia jana saa nne siruhusiwi kuingia shule yoyote. Mkuu wangu wa kitengo nilimpa maelezo haya haya. Aliyasoma akiwa amesimama. Akaniuliza kama ninaumwa, nikasema hapana, akaniomba funguo za ofisi na kitambulisho.

Sasa sikilizeni. Saba ni namba ya sanduku langu. Ile sigara ya umeme ilikamatwa dukani na idara ya afya, ikabandikwa namba na mkono wangu, ikawekwa kwenye tundu la saba. Haikuokotwa barabarani. Ilitoka nyumbani kwangu, chumbani kwa marehemu dada yangu, kwenye sanduku ambalo halikutakiwa kulala pale hata siku moja. Wala sikulifunga kwa ufunguo.

Kila mwisho wa mwezi natakiwa kuhesabu na kuandika kwenye daftari la sanduku. Oktoba niliandika: kumi na mbili, zote zipo. Zilikuwa kumi na moja. Novemba nikaandika hivyo hivyo, na kila mwezi mpaka Mei. Shimo la saba nililijaza kwa pamba nikalifunika kwa kitambaa. Mbele ya wazazi nilikuwa natoka sita nakwenda nane, na hakuna aliyewahi kuuliza. Rula angeuliza, lakini Rula sikumruhusu alishike.

Hilo ni la kitengo. Linalobaki ni letu, ila Matroni anaweza kuendelea, ameshafika mbali.

Chiriku, mimi sikugundua kwa ile fomu. Nilijua tangu mwanzo. Ilikuwa siku ya tano baada ya kumzika mama yako, mchana, watu wamekwisha kuondoka na viti vya kukodi vimechukuliwa. Ulikuwa umekaa kwenye ngazi za nyuma, karibu na tangi la maji. Nilikuwa jikoni naosha kikombe kimoja, nakiosha, nakiosha. Nikasikia harufu ya tikitimaji. Hatukuwa na tikitimaji nyumbani. Siku tano ulikuwa hujalia wala hujasema neno, na kula ni mpaka Bibi akulishe kwa kijiko. Nikakutazama kwa nyuma, nikaona mabega yako yanapanda na kushuka. Nikasema moyoni, angalau anapumua. Kisha nikafunga dirisha.

Kazi yangu nzima ni kutofunga dirisha hilo. Nimesimama mbele ya kumbi ngapi nikiwaambia wazazi, ukisikia harufu ya matunda yasiyokuwepo, nenda ukakae na mtoto, usipige kelele, muulize. Nayajua maneno yote kwa mpangilio wake. Lakini ningetoka nje nikakaa kwenye ile ngazi, baada ya sigara tungelazimika kumzungumzia mama yako, na hilo sikuliweza. Bado siliwezi vizuri. Nikaona heri niandike kumi na mbili. Halafu mimi huyo huyo nikaenda kikaoni nikaandika sentensi ya kumtaka mtoto aseme ukweli asifukuzwe, nikapigiwa makofi.

Mwalimu Mkuu, mwongozo unataka mwanafunzi aseme alikoipata. Huyu hakusema kwa sababu ananilinda, na kwa sababu nilimfundisha kunyamaza kwa kunyamaza mimi. Ilikotoka nimeeleza. Kama inahitajika aseme kwa kinywa chake, mwonyeshe barua hii kisha umuulize tena.

Chiriku, ukiulizwa, jibu. Mimi kazi imekwisha kuondoka, hutaiokoa kwa kusema uliokota. Watanihamishia stoo ya madawa au watanitoa kabisa, sijui, na nimejaribu kuona uchungu nimeshindwa. Bibi nimemwambia nina likizo. Amesema ni wakati wake.

Na sweta halijapotea. Halikuwahi kuwa chini ya maboksi. Nalivaa mimi, kazini, ndani ya koti la ofisi, tangu Novemba. Ndiyo maana sikulituma.

Mama yako Mdogo


30 Juni

Mama Mdogo,

Shikamoo. Msalimie sana Bibi. Nawasalimu pacha, na wewe nakusalimu mara mbili.

Barua hii haina muhuri. Matroni aliniita ofisini kwake, akanipa karatasi na bahasha na gundi, akasema, "Hii andika, funga mwenyewe, mimi nina kazi ya mashuka." Kisha akakaa pale pale akihesabu mashuka ambayo alikwisha kuyahesabu asubuhi. Yako alinipa mkononi, imegongwa muhuri kurasa zote kama ulivyoagiza. Ukurasa wa mwisho ameugonga pembeni kabisa, pasipo na maneno.

Kikao kilikuwa kifupi. Mwalimu Mkuu alinipa barua yako nisome mbele yao. Nilisoma. Akaniuliza kama ni kweli. Nikasema ndiyo. Akauliza mbona hukusema, nikasema nilikuwa nimezoea. Mwalimu wa nidhamu alitaka nifukuzwe hivyo hivyo, niwe mfano kwa wengine. Mwalimu Mkuu akamsomea sentensi yako polepole, akaweka kidole kwenye neno "anabaki", akamwomba amwonyeshe mahali panaposema mfano kwa wengine. Basi nimebaki. Oktoba nitafanya mtihani.

Mshauri anatoka kwenu idarani. Anakuja kila Jumatano, ni mwanamke mwenye mafua yasiyoisha. Anakujua. Anasema ofisini hawakusemi vibaya, wanakusema kidogo kidogo. Rula ndiye amepewa sanduku. Ameandika kwenye daftari, kumi na moja, na akapigia mstari.

Nimemwambia mshauri mengine ambayo hukuyajua. Ya pinki ilipokwisha nilipata nyingine, na nyingine. Duka la madaftari nyuma ya uzio lilikuwa linauza, ziko kwenye kopo moja na kalamu za rangi. Nilivuta chooni, na nyuma ya jiko, na mara mbili kanisani tulipopelekwa. Wakaguzi wenu walifika pale dukani wiki iliyopita, mchana, wamevaa vizibao. Kengele aliona yote kwa dirisha lisilofungwa na ametusimulia mara sita. Kuna wasichana wanne bwenini sasa hawanisemeshi. Wengine watatu wameomba kumwona mshauri.

Sasa nakujibu la ngazi.

Umesema ulifunga dirisha. Nililisikia. Lile dirisha la jikoni lina mlio, Mama alikuwa anasema litiwe mafuta kila wiki na hakuna aliyelitia. Nilisikia likifungwa nikajua umejua. Nikangoja utoke. Nilidhani unazunguka kwa mlango wa mbele. Kesho yake nikakaa tena pale pale, ngazi moja juu. Siku ya tatu nikasogea chini ya dirisha kabisa, nikapuliza moshi juu. Nilitaka unikaripie. Ungenipiga hata kofi ningeshukuru, lakini ulikuwa unaosha kikombe. Siku ya nne nikaacha kungoja, na kuanzia hapo sikusikia tena kitu chochote, si baridi, si njaa, si yeye kutokuwepo. Ripoti ya shule ikasema nimetulia.

Ile namba sikuibandua. Kucha ninazo. Ningeikwangua kwa dakika moja, na kila ukaguzi nilijua iko pale. Kwenye fomu niliandika ukweli kwa sababu nilijua ni kazi yako kuzisoma. Ulipoandika kwamba umeisoma, ukaipa nne, ukanywa chai, nilikaa kitandani nikaisoma hiyo mistari mpaka Kengele akaniuliza nani amekufa. Nilikuwa na hasira na wewe. Bado ninayo. Nakwambia waziwazi kwa sababu sasa naisikia, na mwezi uliopita nilikuwa siisikii.

Leo ni siku ya kumi na saba sijavuta. Usishangilie, ni ngumu, mikono yangu haijui ikae wapi na ninagombana na kila mtu. Jumatano mshauri aliniuliza swali la ishirini kwa kinyume: usipovuta unapata nini? Nikamwambia napata njaa. Akangoja, akapiga chafya. Nikamwambia napata Mama. Alivyokuwa akikohoa asubuhi kabla ya kuugua, alivyokuwa akishona kile kifungo kisichofanana akisema nani atakiona. Nililia mpaka kipindi kikaisha, mshauri akanipa kitambaa chake cha mafua, na nilikitumia.

Nilikuwa nimekataza usije. Sasa nasema njoo. Jumapili ya kwanza ya mwezi wa nane ni ya kutembelewa. Najua umekatazwa kuingia shule. Nimemuuliza Matroni, amesema geti lina upande wa ndani na upande wa nje, na upande wa nje kuna benchi la walinzi, na yeye Jumapili hana macho ya kuona kila kitu. Tutakaa hapo. Utanisimulia habari za mama yangu, kuanzia mlipokuwa wadogo, na mimi nitakusimulia wiki yake ya mwisho, ambayo wewe ulikuwa safarini na sanduku na hujawahi kuniuliza.

Mwambie Bibi ukweli kuhusu likizo. Anajua, aliniandikia. Mwandiko wake ni mbaya kuliko wangu.

Sweta usilikunje, usiliweke kwenye mfuko, na usilifue. Njoo umelivaa.

Chiriku